Fedha za karafuu, mkopo wa mshahara na kiwanja cha Wawi: nianze wapi?

Swali limeletwa na mwalimu wa skuli ya Serikali, Chake Chake, mwenye umri wa miaka 34. Amepata shilingi 7,000,000, fungu lake la karafuu za familia. Mshahara wake, ukishatolewa makato yote na rejesho la mkopo wa benki, unabaki kama 480,000, na kila mwisho wa mwezi zimekwisha. Mkopo umebakiza miezi 24: salio 3,200,000, riba 16% kwa mwaka. Anaandika: "Shemeji ananambia ninunue kiwanja Wawi, kinauzwa milioni 5 na kina karatasi ya sheha. Mwenzangu wa skuli ananitajia hati fungani na hisa. Mimi riba naiogopa, na kodi sizijui hata kidogo. Nataka fedha hizi ziniinue, zisije zikayeyuka kama za mwaka ule. Nianze wapi?"

Mwalimu, anza na mkopo. Umesema riba unaiogopa, nawe unailipa kila tarehe ya mshahara. Salio la 3,200,000 kwa miezi 24, kwa 16% inayopigwa juu ya salio linalopungua, lina rejesho la karibu 156,700 kwa mwezi. Zidisha kwa 24 upate 3,760,000 hivi. Ile 560,000 ya juu ni riba tupu. Ukilipa deni lote leo, hiyo 560,000 inabaki kwako, haikatwi kodi na haitegemei soko lolote. Pahala pengine pa kupata 16% safi kwa miaka miwili, bila ya kubahatisha, utapatafuta sana. Hata hati fungani ya Serikali (yaani wewe unaikopesha Serikali kwa riba) ya miaka 25, kabla ya kupunguzwa mwaka 2022, ilikuwa inalipa 15.95%, na hiyo ni kwa kukubali kufungwa robo karne.

Lakini usikimbilie dirishani na bulungutu. Mkataba wako una mambo mawili ya kusoma kwanza. La kwanza ni namna riba ilivyopigwa. Ikiwa ni juu ya salio linalopungua, kulipa mapema kunakuokolea riba yote ya miezi iliyobaki. Ikiwa ilipigwa mara moja juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza, na mkataba hautaji msamaha wowote kwa anayelipa kabla ya muda, basi unaweza kulipa mapema na usiokoe hata senti. Njia rahisi ya kujua ni kuomba jadweli la marejesho. Ukiona fungu la riba linapungua mwezi hadi mwezi na la mkopo wenyewe linapanda, ni salio linalopungua. Ukiona riba ni ile ile mwanzo hadi mwisho, kaa chini na afisa mikopo akuoneshe kwa tarakimu utaokoa nini. La pili ni ada ya kulipa kabla ya muda. Tuseme ni 3% ya salio: hiyo ni 96,000, na bado unabaki na faida ya kama 464,000.

Jengine litakalokukuta pale pale: ukiuliza salio, utaambiwa kwamba kwa mshahara wako unaweza kuongezewa mkopo, "uchukue nyengine milioni tano, rejesho litabaki hilo hilo". Rejesho litabaki hilo kwa sababu muda unarudishwa nyuma, miezi 24 inakuwa kama 90. Walimu wengi hukaa ndani ya mkopo mmoja miaka kumi na tano kwa njia hii, kila mara wakidhani wamekaribia kumaliza.

Deni likishalipwa, 156,700 za kila mwezi zinarudi mkononi. Hizi, mwalimu, ndizo utajiri wako kuliko zile milioni saba. Karafuu haziji sawa kila mwaka. Mkarafuu uliozaa sana mwaka huu mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata, na ukishatoa ujira wa wachumaji kwa pishi, majamvi na usafiri mpaka kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, kinachogawiwa ndugu hakitabiriki. Mshahara unatabirika. Ndio maana msimu wa karafuu ufanye kazi ya kukutoa kwenye shimo, na mshahara ufanye kazi ya kujenga.

Sasa hesabu ya zile 7,000,000. Toa 3,296,000 za deni na ada. Toa 1,450,000 za dharura, ambazo ni matumizi yako ya miezi mitatu. Zinabaki kama 2,250,000 za kuwekeza.

Fedha za dharura zisitafutiwe faida. Kazi yake ni kuwepo siku mtoto anapohitaji kupandishwa boti kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ili usiuze kitu kwa bei ya shida wala kurudi kwa afisa mikopo. Kwa vile riba huitaki, ziweke kwenye akaunti ya benki inayofuata sharia: PBZ ina huduma ya Ikhlas, na Amana Bank inaendeshwa kwa misingi hiyo yote. Uliza akaunti ni ya wadia, ambapo benki inakuhifadhia tu, au ya mudharaba, ambapo fedha zinafanyiwa biashara na faida inagawanywa kwa fungu mlilokubaliana. Ya mudharaba inaweza kuleta kitu kidogo, lakini soma sharti la kutoa kabla ya muda. Iwe akaunti tofauti na ya mshahara, na kadi ya mashine usichukue. Benki ikianguka, Bodi ya Bima ya Amana inamlipa mwenye amana hadi 7,500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000; kwa hiyo wewe uko ndani ya kinga yote.

Tuje kwenye 2,250,000 na ile 150,000 utakayoanza kuiweka kila mwezi.

Mwenzako wa skuli hakukosea kutaja hati fungani. Kwa asiyekuwa na tatizo na riba ni chombo kizuri. Benki Kuu huziuza kwa mnada siku za Jumatano, unaingia kupitia benki au wakala wa soko la hisa, na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Lakini hiyo ni riba kwa jina na kwa maana: unaikopesha Serikali na inakurudishia kwa nyongeza iliyopangwa. Kuwa mkopaji ni Serikali hakubadilishi kitu kwa mtu mwenye msimamo wako. Vivyo hivyo mifuko mingi ya pamoja (fedha za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja) ya UTT, ya Ukwasi na ya Hatifungani hasa: ndani yake mna amana za benki na hati fungani. Kwa wasomaji wengine watakaoingia huko, neno moja tu kuhusu kununua hati ya zamani sokoni. Hati ya 15.95% haiuzwi kwa bei yake ya mwanzo. Ukiinunua kwa 115 kwa kila 100, riba yako ya kweli juu ya fedha uliyotoa ni 13.87%, na siku ya mwisho Serikali inakurudishia 100, ile 15 imekwenda. Dalali atakutajia 15.95.

Njia zilizobaki kwako ni tatu.

Kwanza ni sukuk. Hii si mkopo. Wenye sukuk wanamiliki sehemu ya mali fulani, na wanacholipwa ni kodi ya pango au faida ya mali hiyo. Serikali ya Mapinduzi ina Sukuk ya Zanzibar, na kampuni kadhaa nchini zimewahi kutoa za kwao. Usiridhike na jina. Soma waraka wa matoleo uone mali gani iko nyuma, mkataba ni wa ijara (ukodishaji) au wa namna gani, bodi gani ya masheikh imeupitisha, na kubwa kwa mtu kama wewe: ukitaka kutoka kabla ya muda, nani atainunua? Chombo cha miaka saba kisichokuwa na mnunuzi katikati ni kizuri kwa fedha ambazo kweli hutazihitaji miaka saba.

Pili ni mfuko wa pamoja unaofuata sharia, kama Imaan ulio chini ya iTrust. Unanunua vipande, bei ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi, na ukitaka kutoka unaviuza kwa mfuko wenyewe, fedha inaingia benki baada ya siku chache. Kwa mtu wa Pemba mwenye 150,000 kwa mwezi hii ndiyo njia inayokwenda na maisha yake, kwa sababu kiasi kidogo kinapokewa na hakuna haja ya kuvuka bahari. Mifumo ya Bara kwa kawaida inataka namba ya NIDA. Kitambulisho cha Mzanzibari peke yake mara nyingi hakitoshi, kwa hiyo kama NIDA yako bado iko njiani, shughulika nayo kabla. Na jina kwenye NIDA, benki na simu liwe moja, herufi kwa herufi. Khadija wa pahala pamoja na Hadija wa pengine wanaweza kukuzuilia malipo.

Tatu ni hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hapa kuna uchambuzi wa kufanya. CRDB na NMB, ambazo kila mtu anazitaja, ni benki za riba. TBL ni bia na TCC ni sigara. Ukiondoa hizo unabaki na kampuni kama Twiga Cement, Vodacom na TOL Gases, na hata hizo hazipimwi kwa shughuli peke yake. Kipimo cha AAOIFI, chombo kinachoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kinataka deni la riba la kampuni lisizidi 30% ya thamani yake sokoni, na mapato yasiyofaa yasizidi 5% ya mapato yote. Takwimu hizo zimo kwenye taarifa ya fedha ya mwaka. Ukurasa wa mizania una mstari wa mikopo, si kazi ya kumshinda mwalimu.

Hata hivyo, kwa kiasi chako mimi ningechelewesha hisa. Sababu ni gharama. Kila unaponunua, ukijumlisha kamisheni ya dalali, tozo za soko na za mamlaka, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Bara ya 18% juu ya kamisheni, unatoa zaidi kidogo ya 2%. Ukiuza unatoa tena. Mtu aliyenunua hisa za 200,000 amekwishapoteza karibu 9,000 za kwenda na kurudi, ambazo ni sawa na gawio (faida wanayogaiwa wenye hisa) la mwaka mzima kwa kampuni nyingi. Hisa ni za kununua na kukaa nazo miaka. Anayezinunua na kuziuza kila miezi mitatu anamtajirisha dalali. Ngoja mfuko wako ufike pahala unaweza kutoa laki tano kwa mkupuo bila ya kugusa mengine.

Rai yangu basi: zile 2,250,000 zote kwenye mfuko wa sharia kwa mwaka wa kwanza, na 150,000 kila mwezi kwa agizo la kudumu la benki, siku inayofuata mshahara. Ukishauzoea, hamishia sehemu kwenye sukuk. Tukikadiria faida ya 9% kwa mwaka, baada ya miaka 10 utakuwa na kama 34,500,000, ilhali ulizoweka kwa mkono wako ni 20,250,000. Tukikadiria 6% tu, ni 28,700,000 hivi. Usishangilie tarakimu hizo kavu kavu. Bei zikipanda kwa 4% kila mwaka, zile milioni 34.5 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 23.3. Mtu anayekupigia hesabu za miaka kumi bila ya kukutajia kupanda kwa bei, ama hajui au anauza kitu.

Kodi umeiogopa kuliko inavyostahiki. Visiwani tuna mamlaka mbili, na watu huzichanganya. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano: iko chini ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kwa sheria moja ya mwaka 2004 kwa Bara na Zanzibar. ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), iliyokuwa ZRB, inakusanya kodi za Zanzibar yenyewe, kama VAT ya 15%, ushuru wa stempu na tozo za hoteli. Mwekezaji mdogo mwenye mshahara anakutana na TRA zaidi, na anakutana nayo bila ya kuiona, kwa sababu kodi inakatwa na anayekulipa. Hiyo ndiyo kodi ya zuio.

Kwako inakuwa hivi. Mshahara umeshakatwa kabla hujauona, na mchango wako wa ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar) wa 7% unatolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo hiyo ni akiba isiyokatwa kodi inapoingia. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni linakatwa 5%: kwenye 60,000 unapata 57,000. Kampuni isiyoorodheshwa inakatwa 10%. Riba ya akaunti ya benki nayo inakatwa 10%, ndio maana anayetangaziwa 9% kwenye amana ya muda maalumu anapeleka nyumbani 8.1%. Hati fungani za Serikali za muda mrefu, miaka mitano kwenda juu, riba yake haikatwi zuio, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea kulinganisha: 9% ya benki na 9% ya hati si kitu kimoja. Faida unayoipata kwenye vipande vya mfuko wa pamoja ulioidhinishwa haitozwi kodi mkononi mwako. Na ukiuza hisa za soko kwa faida, nawe huna robo ya kampuni, faida hiyo haitozwi. Zuio la gawio na la riba kwa mtu binafsi ni la mwisho. Hakuna fomu ya kujaza mwisho wa mwaka kwa hayo. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na kuanza Julai 1, kwa hiyo viwango hivi vitazame kila mwezi huo.

Mambo yanabadilika siku utakapofungua duka au kupangisha nyumba. Hapo unakuwa na TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, usajili wa ZRA, leseni ya baraza, risiti za kielektroniki, na pango lina zuio la 10%. Wengi huingia taabuni kwa kudhani namba moja inatosha kwa mamlaka zote mbili. Hilo lina maelezo yake, si la leo.

Zaka usiisahau kwenye hesabu, maana na yenyewe ni mpango. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, zaka ya mazao iko kwenye vyakula vikuu vinavyowekeka. Karafuu si chakula. Lakini fedha za karafuu, zikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha zaka, ya thamani ya gramu 85 za dhahabu na zikapitiwa na mwaka wa Hijra mikononi mwako, zina 2.5%. Weka tarehe moja ya Hijra, siku hiyo jumlisha akiba ya benki na thamani ya vipande vyako, na ulizia thamani ya gramu 85 kwa sonara. Namna ya kuhesabu sukuk na hisa muulize sheikh wako au ofisi ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Sasa shemeji na kiwanja cha Wawi. Nimekiacha mwisho kwa sababu kina maneno mengi.

Karatasi ya sheha si hati. Sheha, kiongozi wa shehia, anashuhudia kwamba fulani na fulani wamekuja mbele yake wakauziana; hathibitishi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali. Unachoweza kununua ni haki ya matumizi pamoja na kilichomo juu, kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, na uhaulishaji unapitia Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi iliyowekwa kwa sheria ya 1994. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni asili: ardhi hii uliipataje?

Akisema ni ya eka tatu, simama hapo hapo. Eka tatu ziligawiwa kwa kilimo baada ya Mapinduzi ya 1964, na masharti yake hayaruhusu kuziuza wala kuzikata viwanja. Watu wanaziuza, ni kweli, na watu wamejenga. Wewe utakuwa umenunua ugomvi na Serikali kwa milioni tano.

Akisema ni ya urithi, uliza mirathi imegawiwa lini na wapi. Taka kuona hukumu au waraka wa Mahkama ya Kadhi unaotaja warithi wote kwa majina, kisha hesabu vichwa. Anayesahauliwa mara nyingi ni dada aliyeolewa Unguja, au mtoto wa ndugu aliyefariki kabla ya mgao kukamilika. Huyo haki yake haipotei kwa kuwa hakuwepo siku ya kuuza. Anakuja miaka minane baadaye, msingi umesimama, na anachodai ni fungu lake la ardhi. Saini ya kaka mkubwa peke yake inauza fungu la kaka mkubwa.

Halafu tembea juu ya ardhi yenyewe. Visiwani mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwengine. Ukiona minazi mitatu na mkarafuu pembezoni, uliza ni ya nani na kama imo ndani ya bei. Mwenye miti anaweza kuja kuchuma uani kwako akiwa na haki kamili. Waulize majirani wa pande zote nne mipaka iko wapi, kila mmoja kwa wakati wake, bila ya muuzaji kuwepo. Baada ya hapo ndipo uende ofisi ya ardhi ya Pemba ukaulize kama eneo limepimwa, limesajiliwa kwa jina gani na limepangiwa matumizi gani.

Arubuni usitoe kabla ya hayo. "Nipe laki tano nikuzuilie, kuna mtu wa Unguja anakitaka" ni maneno yanayosikika kila kiwanja kinapouzwa.

Na hata kikiwa safi, hesabu yake kwako bado haikai. Milioni tano kwenye kitu kimoja kisichotoa senti, mkopo unaendelea kukukata 156,700, akiba ya dharura haipo. Gharama za upimaji na uhaulishaji ziko nje ya bei. Kisha utataka kuweka msingi ili watu wasivamie, na fedha ya msingi itatoka kwenye mkopo mwengine. Barabara ya kwenda Wawi haikosi misingi iliyoota majani. Nyuma ya mingi kuna mshahara unaokatwa mpaka leo. Kiwanja kitakuja. Ukiwa na milioni kumi kwenye mfuko na huna deni, utakinunua kwa utulivu, na utaweza kumwambia muuzaji mwenye karatasi ya sheha asante.

Moja la haraka kuhusu vikundi vya kwenye simu vinavyoahidi "asilimia 5 kwa mwezi, uhakika". Asilimia 5 kwa mwezi ikizalishwa ni karibu 80% kwa mwaka. Linganisha na ile 15.95% iliyokuwa ikilipwa na Serikali. Waliotangulia wanalipwa kwa fedha za waliofuata mpaka wanaofuata wanapokwisha; DECI, mchezo wa upatu, iliishia hivyo mwaka 2009, nayo ilikuwa na ofisi na risiti. Anayekusanya fedha za umma kuwekeza lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na orodha ya wenye leseni iko wazi.

Jengine dogo: kila ulichonacho kiandike kwenye karatasi moja (benki, namba ya akaunti, vipande, ZSSF) na mtu mmoja wa nyumbani ajue karatasi iko wapi. Warithi hawawezi kudai wasichokijua.

Kwa wiki hii, kazi ni moja. Nenda benki na kitambulisho na hati ya mshahara, omba barua ya salio la kumalizia mkopo. Barua hiyo huandikwa salio mpaka tarehe fulani. Ikipita, riba ya siku zinazofuata inaongezwa na kiasi ulichokuja nacho kinapelea, kwa hiyo iombe siku ambayo fedha zako ziko tayari kwenye akaunti. Baada ya kulipa usitoke bila ya barua ya kumaliza deni yenye muhuri, na nakala yake ipeleke siku hiyo hiyo kwa mhasibu wa mishahara. Orodha ya makato hufungwa kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwezi mmoja, pengine miwili, utakatwa tena kwa mkopo usiokuwepo. Fedha hiyo ni yako. Irudie benki kwa maandishi, ukiambatisha hati ya mshahara inayoonesha makato, na ikirudi iende moja kwa moja kwenye mfuko.